Barua ya wazi kwa Bodi ya Elimu: tuachieni hawa tisa

Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Elimu, na Msimamizi Mkuu wa shule zetu,

Assalamu alaykum, na asiyeitikia salamu hiyo namwamkia kwa mila yake.

Mwezi wa tatu mlitutumia wazazi tangazo kwa lugha kadhaa, na Kiswahili kilikuwemo. Ahsanteni kwa hilo, wengi huwa hawatukumbuki. Aliyelitafsiri, nadhani ni mashine, aliiita Bodi yenu "Ubao wa Elimu", na kikundi cha muziki wa Kichina cha watoto wetu tisa akakiita "chumba cha vijana cha Kichina". Tulicheka, mimi na baba mmoja wa Bukavu ambaye mwanawe naye yumo, tukawa tunaitana "mjumbe wa ubao" siku nzima. Kicheko kilikatika tulipofika aya ya nne. Hapo mashine haikukosea neno: kuanzia mwaka ujao wa masomo kikundi kitavunjwa, watoto "watajumuishwa" katika bendi kubwa ya shule ya pili, ile iliyo upande wa pili wa barabara kuu, na mwalimu wao hatapewa mkataba mpya.

Mmeniandikia kwa Kiswahili, nami nawajibu kwa Kiswahili. Mkalimani mnaye na mnamlipa. Sababu nyingine ya kutumia lugha yangu nitaisema mwishoni.

Mimi ni dereva wa basi. Nimezaliwa Zanzibar, mtaa wa Ng'ambo, na sasa naishi ng'ambo nyingine, upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco. Jumanne na Alhamisi zamu yangu humalizika saa tisa alasiri, na kabla ya kumrudisha binti yangu nyumbani hukaa kwenye korido, nje ya chumba cha mazoezi, juu ya kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakikaribia kidevu, nikisikiliza. Miaka miwili sasa. Ninayoyasema hapa sikusimuliwa.

Binti yangu ana miaka 13 na anapiga erhu. Kwa wasioijua: ni fidla ya Kichina yenye nyuzi mbili tu, shingo ndefu kama mpini wa jembe, na kisanduku kidogo cha mbao kilichowambwa ngozi ya chatu. Nyuma ya nyuzi hakuna ubao wa kukandamizia vidole; uzi hukamatwa hewani, na kidole kikikosea hata kidogo jirani wa juu anajua. Upinde wake hautolewi. Nywele zake zimepita katikati ya nyuzi mbili, ukisukuma nje unalia uzi mmoja, ukivuta ndani unalia mwingine. Mwaka wa kwanza nyumba yetu ilikuwa kama imefuga paka anayekanyagwa mkia kila baada ya chakula cha jioni. Sitawadanganya kuhusu hilo.

Wako tisa. Dizi mbili, ambazo ni filimbi za mwanzi. Sheng moja. Erhu mbili. Pipa moja (si la maji, ni ala ya nyuzi ya Kichina), yangqin moja, ruan moja ambayo nayo ni ya nyuzi, na mtoto mmoja mwenye kigoma kidogo na vibao vya kugonganisha ambaye ndiye mdogo kuliko wote na ndiye anayewakaripia wenzake wakichelewa.

Nilipoisikia sheng siku ya kwanza niliinuka kwenye kile kiti changu kutafuta akodiani iko wapi. Hapakuwa na akodiani. Palikuwa na mtoto wa Bukavu amekumbatia fungu la mirija ya mianzi iliyosimama juu ya bakuli, anapuliza na kuvuta, na pumzi zote mbili zinalia. Ndani ya kila mrija mna kiulimi chembamba cha chuma. Ala hii ilipofika Ulaya karne ya 18, watu wa huko waliuchukua ujanja wa kiulimi kile, na katika karne iliyofuata wakazaa harmonika na akodiani. Akodiani ikapanda meli, ikashuka bandarini kwetu, ikaketi katika taarab mpaka leo. Sikio langu halikunidanganya, lilikuwa limemtambua babu wa mtu linayemjua.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa nyingine. Pipa na udi wetu wa taarab ni mtu na binamu yake, matumbo yao yote mawili ni ya pea iliyokatwa, na wataalamu wakiwafuatilia kinyumenyume hufika Asia ya Kati na Uajemi. Zama za utawala wa ukoo wa Tang huko China pipa ililazwa mapajani ikapigwa kwa kibao cha mkononi, kama udi upigwavyo kwa unyoya. Baadaye ndipo iliposimamishwa wima na kupigwa kwa kucha. Binti wa Kimeksiko anayeipiga kwetu hubandika kucha tano za bandia kwa plasta kabla ya kila zoezi, na mjomba wake anamtania kwamba anajiandaa kwenda harusini. Yangqin, yenye nyuzi nyingi zilizotandazwa kifudifudi na kugongwa kwa vijiti viwili vyembamba vya mwanzi, mimi nikiitazama naiona kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi, iliyokatazwa kuguswa kwa vidole.

Nikiwa bado kwenye vyombo, mniruhusu mchepuko mmoja. Dizi ina tundu ambalo halizibwi kwa kidole bali kwa utando mwembamba unaotolewa ndani ya tete, na utando huo ndio unaoipa ile sauti yenye mng'aro wa kuwasha sikio. Gundi yake ya jadi ni ejiao, nayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi ya punda. Ejiao hiyo hiyo, ikiuzwa kama dawa, ndiyo iliyosababisha punda wetu Afrika waibwe usiku na kuchunwa porini, hadi Umoja wa Afrika, Februari 2024, ukapiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Mwalimu wetu hakutaka mjadala. Anawafundisha watoto kubandika utando kwa maji ya kitunguu saumu. Chumba kinanuka kama jiko la pilau, na punda hawana habari.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hili ndilo ninaloomba mlisome polepole, maana karatasi yenu haikuligusa hata kwa mbali.

Wanachokipiga zaidi ni muziki wa hariri na mwanzi wa Jiangnan, yaani nchi ya kusini mwa mto Yangtze, huko Shanghai na Suzhou. Hariri ni nyuzi, kwa sababu zamani nyuzi zilisokotwa kwa hariri. Mwanzi ni filimbi. Ni muziki wa nyumba za chai. Wapigaji hukaa kuizunguka meza, wanatazamana, vikombe katikati, na wengine wameupa ukumbi mgongo bila wasiwasi. Wengi wao hawakuwa watu wa kulipwa. Alikuwepo karani, mwenye duka, fundi, waliokutana jioni baada ya kazi, kama wanachama wa klabu za taarab walivyokuwa wakikutana kwetu. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanza 1905, ilijengwa na watu wa aina hiyo hiyo, na wapo wazee waliojiunga kwa kubeba viti miaka mitatu kabla ya kukabidhiwa fidla.

Hakuna mwongozaji. Hakuna wa kusimama mbele na kupunga fimbo. Wote tisa wanapiga wimbo mmoja, ule ule, kwa pamoja, ila kila chombo kinaupitia kwa njia yake. Dizi inauwekea vikorombwezo. Erhu inauteleza. Pipa inaukata chenga chenga kisha inaziokota. Sheng inaukumbatia kwa chini. Daftari lao lina mstari mmoja tu wa namba, kuanzia 1 hadi 7, zenye nukta juu au chini kuonyesha sauti ya juu au ya chini; mtu wa kwaya aliyelelewa na do-re-mi angelisoma siku hiyo hiyo. Mstari mmoja kwa watoto tisa. Yaliyobaki hayakuandikwa popote, yako katika kusikilizana. Wazee wa muziki huo wana msemo ambao mwalimu ameurudia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuutafsiri mwenyewe: wewe ukipamba mimi naenda wazi, wewe ukipanda mimi nashuka. Wana na neno la kupisha njia, kama gari linavyopisha gari. Mimi ni dereva, neno hilo sikuhitaji kuelezwa.

Nimeliona likitendeka. Mwezi wa pili yule mtoto wa sheng alikuja na kikohozi. Katikati ya wimbo pumzi zikamkatikia, na pale palipotakiwa kuwa na sauti yake pakawa na shimo. Hakuna aliyesimama. Binti wa pipa, ambaye ndiye mwenye mbwembwe kupita wote na hupenda kusikika, aliacha mapambo yake yote ghafla akaanza kutikisa uzi mmoja wa chini, mfululizo, akaliziba shimo. Erhu mbili zikapunguza. Mpaka mwenzao alipokohoa akamaliza, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta, akarudi ndani, na pipa ikarudi kwenye mbwembwe zake. Mwalimu hakusema kitu, alitikisa kichwa kidogo tu akanywa chai. Walipotoka nilimuuliza binti yangu nani aliwapa ishara. Aliniangalia kama nimeuliza nani anampa ishara ya kupepesa macho.

Mtoto wa miaka 12 au 13, waheshimiwa. Mnaye nyumbani? Jaribuni kumfanya apishe njia.

Hesabu zenu nazielewa, na sitaki kuwafanya watu wabaya. Jimbo la California hulipa wilaya za shule kwa mahudhurio, kichwa kwa kichwa, na vichwa vinapungua kwa sababu kodi za nyumba zinawahamisha watu. Mtaani kwetu peke yake naona madirisha yasiyo na mapazia. Fedha za dharura za korona kutoka serikali kuu zilifikia ukomo Septemba 2024. Mkitazama jedwali mnaona mwalimu mmoja kwa watoto tisa, chini yake mwalimu wa bendi kwa watoto sitini, na kalamu nyekundu inajiendea yenyewe. Hata basi langu likibeba watu tisa kila siku, njia ile itafutwa, na nitakuwa wa kwanza kukubali.

Lakini basi langu lina viti arobaini; likibeba tisa liko tupu. Meza ya chai ina viti tisa, na wakikaa tisa imejaa. Jedwali lenu limehesabu meza kama basi. Mkitaka watoto wengi zaidi, na mimi nataka, dawa si kuwamwaga hawa tisa ndani ya sitini. Dawa ni meza ya pili. Orodha ya wanaosubiri ipo, ina majina kumi na moja, mwalimu anayo kwenye daftari lake la buluu. Hakuna aliyemuuliza.

Na msidhani naichukia ile bendi. Klarineti za wakubwa hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo unatoka kwetu, misitu ya Kilwa na Lindi, na upande wa pili wa Ruvuma huko Msumbiji. Zile za shule ni za plastiki, najua, ila hata hivyo nikizisikia huwa najisikia kusalimiwa. Tatizo ni kwamba erhu ndani ya tarumbeta nane haisikiki kabisa. Ni kama kumweka mtu anayenong'ona katikati ya soko la Darajani saa nne asubuhi halafu kumwandikia ripoti kwamba hachangii. Tena nyimbo za bendi za shule huandikwa kwa kufuata tarumbeta na klarineti, ambazo zimejengwa juu ya noti ya B iliyoshushwa, wakati nyuzi za erhu ni D na A, na kila dizi imechongwa kwa ufunguo wake mmoja. Watoto watapewa nini wafanye? Watapewa pembetatu za kugonga. Nilimuuliza mtu wa ofisini kwenu kwa simu, akaniambia kwa upole kabisa kwamba "wanaweza kujifunza ala nyingine". Wanaweza, ndiyo. Na mimi naweza kuendesha treni.

Kuhusu fedha. Novemba 2022 wapiga kura wa jimbo hili walipitisha Pendekezo namba 28. Linaagiza kwamba kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia moja ya fedha za shule zinazolindwa na katiba ya jimbo kiende kwenye sanaa na muziki, juu ya zilizokuwepo, siyo badala yake. Mwaka wa kwanza, 2023-24, zilikuwa kama dola milioni 938 kwa jimbo zima. Asilimia 70 hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi, na 30 kwa kuangalia wanafunzi wa familia za kipato cha chini, ambao shule yetu inao tele. Wilaya yenye wanafunzi 500 au zaidi inatakiwa itumie angalau asilimia 80 ya fedha hizo kuajiri watu wa kufundisha. Kuajiri watu! Siyo kununua skrini, siyo kumleta mshauri. Na fedha za mwaka mmoja zinaweza kutumika hadi miaka mitatu.

Niliambiwa kwamba kikwazo ni mwalimu kukosa cheti cha ualimu cha California. Ni kweli hana. Ana miaka 67, alisomea Shanghai, na Kiingereza chake kinatosha kusema "tena", "polepole" na "sikiliza mwenzako". Lakini maneno ya sheria ile yanaruhusu waajiriwa wa aina zote mbili, wenye vyeti na wasio na vyeti, mradi wanafundisha sanaa. Nimeisoma kwa kamusi mapajani, kituo cha mwisho cha njia yangu, siku tatu mfululizo. Kama nimeisoma vibaya, mwanasheria wenu anisahihishe hadharani na nitamshukuru hadharani.

Kwa nini nang'ang'ania mtu huyu mmoja? Kwa sababu ya ule mstari mmoja wa namba. Kuna mpiga erhu kipofu wa mitaa ya Wuxi aliyejulikana kwa jina la Abing. Majira ya joto ya 1950 wasomi wawili walikwenda kumrekodi. Alikuwa hajashika ala kwa muda mrefu, akawaambia wamwache kwanza afanye mazoezi, wamrudie baadaye. Walichorekodi ni vipande sita, vitatu vya erhu na vitatu vya pipa. Desemba ya mwaka ule ule akafariki. Sita, basi. Leo kila anayejifunza erhu duniani hupitia kwenye vidole vya mtu huyo, na mamia ya mengine aliyokuwa akiyapiga barabarani yalikwenda naye. Mwalimu wetu si Abing na angekasirika akisikia nawaweka pamoja. Lakini namna anavyowafundisha watoto kupishana haimo kwenye daftari lile la namba. Akiondoka Juni, mtabaki na namba.

Jambo jingine, hili linanikera zaidi ya fedha. Mnawajua watoto hawa. Kila Mwaka Mpya wa Kichina mnawaita, wanavaa nyekundu, wanakaa nyuma ya simba wa kitambaa, wanapiga dakika mbili huku watu wanakula, mpiga picha anakuja, na picha inawekwa kwenye ukurasa wenu ikiwa na maneno mazuri kuhusu jamii yetu yenye mchanganyiko. Mwaka huu picha ilimwonyesha binti yangu, na hijabu yake, na erhu. Nilijivuna, siwezi kukataa, nikaituma Zanzibar, na shangazi yangu akauliza kama tumehamia China. Wiki tano baadaye ndiyo likaja lile tangazo. Mgeni wa mara moja kwa mwaka huandaliwa sahani nzuri, lakini mtoto wa nyumba hupewa kitanda.

Najua pia kuna wanaojiuliza, kwa adabu, bila kusema: muziki wa Wachina, na humo ndani kuna Mzanzibari, Mkongo, Wameksiko wawili, Mvietnamu. Ni wa nani hasa? Nilimpelekea swali hilo bibi mmoja anayekuja kumchukua mjukuu wake, tunamwita Popo, ambalo ndilo neno la Kikantoni la bibi mzaa mama. Popo ni mtu wa Taishan, mkoa wa Guangdong, kule walikotoka wengi wa Wachina wa kwanza wa huku. Alinijibu kwamba huu muziki si wa kwao hata kidogo! Wa kwao ni wa Kikantoni, wenye gaohu, erhu ndogo yenye sauti ya juu inayobanwa kwa magoti, na hivi vya Shanghai kwake ni vya taratibu mno, vya watu waliokwishashiba. Halafu akakaa kitako akasikiliza mpaka mwisho, kama afanyavyo kila Alhamisi. Tangu siku ile nimeacha kusema "muziki wa Kichina" kana kwamba ni kitu kimoja, maana na mimi huchukia mtu akiniambia anapenda "muziki wa Kiafrika".

Kama ni suala la ugeni, basi kikundi cha opera ya Kikantoni kilipanda jukwaani San Francisco mwaka 1852, miaka miwili tu baada ya California kuwa jimbo. Shule zetu hizi hazikuwepo. Mwaka 1882 ikaja sheria ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina, na haikufutwa hadi 1943, na muda wote huo nyuzi ziliendelea kupigwa vyumbani mwa watu. Ikiwa ndivyo mtakavyo kuhesabu, wageni hapa ni tarumbeta na mimi.

Ninaloomba si kubwa. Mwalimu apewe mkataba wa mwaka kutoka kwenye zile asilimia 80. Chumba kibaki kile kile, saa zile zile, Jumanne na Alhamisi. Na kwenye ile sehemu iliyobaki ya fedha, ambayo sheria inaruhusu itumike kwa vifaa, litengwe fungu dogo la matengenezo: ngozi ya erhu moja imepasuka kwa ukavu wa hita na fundi yuko San Francisco, na kwa sasa anayemlipa ni baba wa Bukavu na mimi, kwa zamu. Ngozi ya chatu haiagizwi hivi hivi pia, chatu wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kila kipande kinachovuka mpaka kinataka hati, kwa hiyo ni afadhali kutunza tulizonazo kuliko kuziacha zife kabatini.

Mkishindwa yote hayo, basi mmoja wenu aje tu akae koridoni nami siku moja. Kiti cha pili kipo, ni kidogo vile vile.

Mkutano wenu wa kupitisha bajeti ni Juni. Sheria ya mikutano ya wazi ya California, ya tangu 1953, inatupa wananchi nafasi ya kusema mbele yenu, nanyi mmeiwekea dakika mbili kwa kila mtu. Sheria hiyo hiyo, ilivyorekebishwa 2016, inasema anayetumia mkalimani apewe angalau mara mbili ya muda huo, isipokuwa pale penye mitambo ya kutafsiri papo hapo, ambayo ukumbi wenu hauna, nimeangalia. Kiingereza nakijua. Mtihani wa leseni ya basi nimeufanya kwa Kiingereza, na wa uraia pia. Lakini jioni ile nitakuwa Mswahili mtupu. Nitasema sentensi moja, mkalimani ataitafsiri, na dakika zitakazobaki ni za watoto. Wimbo walioamua wenyewe unachukua dakika tatu na sekunde arobaini, wakiharakisha kidogo.

Tunaomba viti tisa visivyo na mikono, kwa sababu upinde wa erhu hugonga. Vipangwe kwa duara, na kipaza sauti hakihitajiki. Watatu au wanne kati yao watakuwa wamewapa mgongo. Si utovu wa adabu.

Wenu kwa heshima na taadhima,

Baba wa erhu ya pili